Mtungi wa Kupoza Kompyuta

Jumatatu, 10 Februari 2025

Imezima tena. Asilimia thelathini na moja. Jana ilizima kwenye thelathini na nne, kwa hiyo tunarudi nyuma.

Niandike vizuri, ili siku moja watu wajue nilipitia nini. Nina studio ya video hapa Busia, upande wa Uganda. Chumba kimoja, pazia la bluu, kompyuta moja ya mezani. Ukishapanga picha zako, kompyuta lazima ikae izichanganye mpaka ziwe video moja ya kutazamwa. Mimi naita kupika. Na hii yangu ikipika, inachemka kweli. Feni inalia, kasha linaunguza mkono, halafu skrini inakuwa nyeusi na mimi nabaki najitazama humo.

Siku nyingine ningesubiri ipoe. Lakini Jumamosi hii ni ibada ya kumbukumbu ya Bibi Taaka kule Lunyo. Mwaka mmoja tangu azikwe. Mimi ndiye niliyempiga video siku ya shukrani yake ya miaka tisini, na hakuna mahali pengine popote sauti yake iliporekodiwa. Kadi ya kamera nilishaifuta, nikarekodia mashindano ya mpira. Nakala iliyobaki ni moja tu, imo ndani ya diski ya kompyuta hii.

Binti yake, Benedeta, amekuja leo kuuliza. Nikamwambia kila kitu kiko salama. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ameanza kuisahau sauti ya mama yake, na anaogopa. Nikasema Jumamosi ataisikia. Nilisema kwa sauti nzito, ya mtu wa kuaminika. Alipotoka, nikakaa chini.

Halafu Faruku. Ana studio yake ng'ambo ya barabara, na feni mbili. Alikuja bila kuitwa. Akasema nimpe diski aichomeke kwenye kompyuta yake, dakika kumi kazi imekwisha. Anatabasamu anaposema. Namjua mimi. Leo diski, kesho mteja. Nikamshukuru, nikamwambia hakuna shida yoyote. Wakati huo kompyuta ilikuwa inatoa harufu ya kuungua.

Mke wangu Nerima anasema ndani kumejaa vumbi, nichukue brashi. Brashi! Miaka kumi na mmoja ya ndoa na bado hajui ameolewa na mtu wa namna gani. Akasema basi nimpe Benedeta video vile ilivyo, mbichi, dakika arobaini. Nikamwambia fundi wa nguo hamkabidhi mteja kitambaa. Nimeshaikata ikabaki dakika kumi na mbili, nimeweka maua yanayozunguka, muziki, na njiwa wanne wanaoruka kutoka kwenye kichwa cha marehemu.

Nimeona mtandaoni watu wanapoza kompyuta kwa maji. Maji yanaingia kwa mpira, yanabeba joto, yanatoka kwa mpira mwingine. Wanauziwa mitambo mizima, ina taa na kila kitu. Mimi nitaunda mwenyewe.

Jumanne, 11 Februari

Nimeshinda Tororo. Swabur alinibeba kwa bodaboda yake, jua kali, vumbi mpaka kwenye meno.

Nilimwendea Atai, fundi wa friji. Mwanamke wa maneno machache. Nikamchorea nilichotaka: kisanduku cha shaba cha kukaa juu ya prosesa, pale kompyuta inapochemkia, mdomo mmoja wa maji kuingia, mwingine wa kutoka. Akautazama mchoro kwa muda mrefu. Akauliza kama natengeneza waragi, ile pombe kali ya kienyeji. Nikasema hapana, ni ya kompyuta. Akauliza tena kama natengeneza waragi, safari hii kwa upole, kama mtu anayeniruhusu nikiri.

Mwishowe akaelewa. Akauliza kwa nini nisinunue feni. Nchi hii kila mtu ni feni, feni, feni. Ndiyo maana hatuendelei.

Lakini mkono wake ni dhahabu, lazima niseme. Alichukua bomba la friji iliyokufa, akalipasua, akalinyoosha, akalichomelea. Kisanduku kidogo, kizuri, kinatosha kiganjani. Akakizamisha kwenye ndoo akapuliza. Hakuna hata povu moja. Nilipokuwa naondoka alisema katika miaka yake ishirini ya kazi ameona maji na umeme vikikutana mara tatu, na mara zote aliyeshangaa ni mwenye mali.

Hana imani. Nimemsamehe.

Jumatano, 12 Februari

Siku mbaya, lakini ikaisha na wazo.

Asubuhi nilivuka kwenda upande wa Kenya, pale wanapobomoa magari ya zamani. Nikapata pampu ile ya kurusha maji kwenye kioo cha mbele. Jamaa aliyenipa akanionya kwamba pampu hiyo imezoea kufanya kazi sekunde tano tano, si kushinda kutwa. Nikamwambia hata mimi waliniambia hivyo nilipooa.

Nikirudi, ofisa wa forodha akauliza hiki ni nini. Kosa langu ni kwamba nilimweleza. Akamwita mwenzake, nikaeleza upya. Huyo akamwita wa tatu. Wa tatu akanisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye daftari "kifaa cha maji," akanipa pole, nikapita. Pole ya nini? Sikuuliza.

Mpira nilipata kwa Paddy, anayeuza petroli kwenye madumu. Ni ule wa kunyonyea mafuta. Nimeuosha mara tatu kwa sabuni na bado ukiunusa unasikia kizunguzungu. Ile dawa ya kupaka juu ya prosesa ilikuwa imekauka ikawa unga, nikapaka dawa ya meno. Sasa studio inanukia petroli na mnanaa.

Nikawasha. Maji kwenye beseni, pampu inanguruma, mpira unatikisika, maji yanazunguka. Yanazunguka! Nilisimama peke yangu nikajipigia makofi. Asilimia thelathini na tano. Arobaini. Arobaini na nne. Giza.

Niliingiza mkono kwenye beseni. Maji yalikuwa ya kuogeshea mtoto. Yanabeba joto, sawa, lakini hayana pa kulitua, yanaenda na kurudi nalo lile lile. Nerima alipita, akaingiza kidole, akauliza kama anaweza kuoshea vyombo.

Nikakaa sakafuni. Siku tatu zimebaki na nina beseni la maji ya moto. Nilimfikiria Benedeta na mikono yake miwili. Nilitaka kulia, lakini koo lilikuwa kavu, nikaenda nyumbani kunywa maji.

Mtungi! Mtungi wa Nerima uko pale pembeni siku zote, mama yake alimpa kutoka Lumino alipoolewa. Madumu yote ya nyumba hii Februari yanachemka, lakini maji ya mtungi ule yanauma meno. Kwa nini? Udongo unatoa jasho, jasho linaondoka na joto. Nilikuwa nakunywa jibu kila siku.

Nerima alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimwomba ruhusa kimoyomoyo, nikaubeba.

Alhamisi, 13 Februari

Naandika haya nikiwa nimeshika kichwa.

Asubuhi ilikuwa tamu. Mtungi niliuweka karibu na mlango upate upepo, juu ya mchanga. Mipira miwili mdomoni. Nikaufunika na sahani vumbi lisiingie, na juu ya sahani nikaweka kikombe ili upepo usiiangushe. Nikawasha. Arobaini na nne ikapita kama si kitu. Hamsini na mbili. Sitini. Kasha limepoa, unaweza kulilalia. Saa sita ilifika sitini na saba. Nikaenda kula, natembea katikati ya barabara Faruku anione.

Niliporudi skrini ilikuwa nyeusi. Pampu inalia kwa ukavu. Mtungi mtupu.

Kwenye benchi walikuwepo watu sita. Wawili walikuja kupiga picha za pasi. Wanne sijui walikuja kufanya nini. Mzee mmoja alinyanyuka akanishukuru kwa niaba ya wote. Alisema maji yana harufu kidogo ya petroli, lakini ubaridi wake hajaupata tangu Krismasi. Mipira waliisogeza pembeni kwa adabu. Mama mmoja akauliza kama na kesho yatakuwepo.

Mtungi mlangoni, sahani juu yake, kikombe juu ya sahani. Kwetu nani anauliza? Ukiona hivyo umeshakaribishwa, unakunywa, unarudisha kikombe. Nilikiweka mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Jioni Nerima alikuja kuufuata mtungi wake. Alikuwa amepata wageni nyumbani akawapa maji ya dumu, ya moto, na aibu imemjaa usoni. Nikamwambia avumilie siku moja na nusu. Aliutazama mtungi wa mama yake, na mipira ya petroli imetoka mdomoni, akageuka akaondoka. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 14 Februari

Mungu wangu.

Nianze asubuhi. Nilitoa kikombe. Nikaandika kwenye boksi kwa herufi kubwa: MAJI YA KOMPYUTA. Nilidhani nimemaliza mambo. Kufika saa nne watu wanauliza yanatibu nini. Mmoja alitaka kujua kama ni ya macho. Mama wa jana alikuja na chupa. Wateja wa Faruku walikuwa wanavuka barabara kuja kunywa kwangu, halafu wanarudi kwake kupiga picha.

Faruku mwenyewe akaja. Akasema kama namwogopa, basi atakuja na kompyuta yake aifanyie kazi hapa hapa mezani kwangu, mimi nikitazama. Nikamwonyesha skrini. Sabini na moja. Akatikisa kichwa akaondoka. Nikasimama mlangoni nikawa askari. Nilimfukuza hata kasisi.

Themanini na nane. Tisini. Tisini na tatu. Nikaanza kuamini.

Saa nane mchana wakaingia Benedeta na shangazi zake wanne. Wametoka sokoni kununua vitu vya kesho, wametembea juani na mizigo kichwani. Walikaa kwenye benchi wote watano. Benedeta akavua viatu. Akafuta uso. Macho yake yakafika kwenye mtungi, akaniomba maji.

Sasa nifanye nini? Nimwambie mtu aliyefiwa kwamba maji haya ni ya mashine, yeye akae na kiu? Nilifungua mdomo niseme hivyo hivyo. Kilichotoka ni karibu.

Nikamchotea. Alikunywa polepole, amefumba macho. Akasema mama yake alikuwa na mtungi wa namna hii. Akanusa kikombe, akasema naye alikuwa anaweka mafuta ya taa karibu nao, maji yakawa na harufu kidogo, na wao wakiwa watoto walilalamika. Alitabasamu. Halafu akampa kikombe shangazi wa kwanza.

Shangazi wanne. Kila mmoja alirudia. Mimi nahesabu kwa macho, na sura yangu inasema kunyweni, kunyweni tu. Tisini na sita. Mpira ukaanza kukoroma kwa kuvuta hewa. Tisini na saba. Nikanyakua dumu nimimine maji mtungini kwa nyuma yao bila kuonekana, nikageuka kwa haraka, goti likakamata mpira.

Mpira ukachomoka kwenye kisanduku cha Atai.

Ile pampu iliyokuwa imechoka tangu Jumatano ikapata ujana. Maji yaliruka kwenye kompyuta, kwenye ukuta, kwenye kalenda, kwenye shati langu. Kukawa na mlio mmoja mfupi. Moshi kidogo, wa mnanaa. Skrini nyeusi.

Benedeta aliuliza kama imekwisha. Nikasema imebaki kidogo. Mungu anisamehe. Akavaa viatu, wakanishukuru kwa maji, wakaondoka.

Nimeipoteza sauti ya mama wa watu. Kesho wataketi kanisani waisubiri na hakuna kitu. Nina shati limelowa na boksi lililoandikwa maji ya kompyuta. Sistahili hata kuandika shajara.

Jumamosi, 15 Februari

Kabla ya chai nilimwambia Nerima yote. Sikubakiza, hata la kasisi. Nilingoja anipigie kelele. Akanyanyuka, akachukua bisibisi yangu, akaenda studio, akafungua kasha. Mimi nilimshikia mlango, basi. Akaitoa diski, akaifunga kwenye kitenge chake kama mtoto mchanga, akavuka barabara kwa Faruku.

Mimi nilijificha nyuma ya pazia la bluu.

Nerima alikuja kunisimulia. Diski ilikaa chini kabisa ya kasha, imelowa upande mmoja tu. Faruku aliifuta, akaianika juani saa nzima, yeye mwenyewe amekaa kando akiifukuzia kuku. Kisha akaichomeka. Bibi Taaka alikuwemo. Mzima. Dakika arobaini, mbichi. Faruku akainakili kwenye flashi, akaandika juu yake kwa kalamu: BIBI TAAKA, KAZI YA SYDNEY.

Jina langu. Nilitaka ardhi inimeze.

Lunyo walikuwa wamefunika madirisha ya kanisa kwa mikeka na kutundika shuka jeupe mbele. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Hakuna maandishi, hakuna muziki, hakuna njiwa hata mmoja. Bibi Taaka amekaa kwenye kiti chake tu, anaongea. Anagombeza mtu kuhusu kuku. Anasahau jina la mjukuu, anapita kwenye majina sita kabla ya kulifikia. Anacheka mpaka anashika ubavu. Watu kanisani wanacheka naye.

Halafu katikati ya maneno akanyamaza. Akaangalia kamera moja kwa moja. Akauliza huyu kijana amesimama juani tangu asubuhi na chuma chake begani, kuna aliyempa maji? Akaita, Benedeta, mpe mtoto wa watu maji.

Kipande hicho nilikikata siku ya kwanza kabisa. Niliona hakina kazi.

Kwenye benchi la mbele Benedeta akasimama. Akasema, kwa sauti ya kawaida, "Ndiyo, mama." Alibaki amesimama, hajui akae au aende, mpaka shangazi mmoja akamvuta taratibu. Ndipo watu wakaanza kulia. Nililia na mimi, nililia vibaya, mpaka Nerima akanipa ncha ya kitenge chake.

Baadaye Benedeta akaja akanishika mkono, kwa mikono miwili tena.

Jumapili, 16 Februari

Nimelala vizuri. Nimefikiri kwa utulivu, nikiwa peke yangu, bila kelele za watu.

Kwanza. Jana walilia vile bila njiwa. Wangeona na njiwa ingekuwaje? Sitaki hata kufikiri.

Pili. Mtambo wangu haukuwa na kosa. Ulifika tisini na saba. Hakuna kompyuta Busia hii, pande zote mbili za mpaka, iliyopoa vile. Kosa lilikuwa moja tu: maji. Maji yananywewa. Weka kitu kinachonyweka mbele ya watu wa hapa na mgeni atapewa, na wewe mwenyewe ndiye utampa. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kitu cha majimaji ambacho mgeni hakiombi.

Mafuta ya kupikia. Nani amewahi kuketi kwenye benchi akaomba kikombe cha mafuta? Na mafuta hayapitishi umeme. Nimeona mtandaoni, wanazamisha kompyuta nzima ndani, na inafanya kazi humo humo. Hakuna pampu, hakuna mpira, hakuna mtungi. Mtungi nimeshaurudisha. Nerima aliunusa, akawapa bata wanywee.

Mchana Faruku amekuja amebeba kompyuta yake ya pili. Kasema ananiazima mpaka nisimame tena, niitumie kama yangu. Akaiweka mezani, akaifuta kwa kitambaa, akakataa hata soda. Nimemkosea sana mtu huyu. Nimemwaza vibaya miaka yote hii, na yeye hana kinyongo. Nimeona aibu, na nimeamua wema wake nisiuache hivi hivi. Nitamrudishia kompyuta yake ikiwa baridi kuliko alivyonipa.

Nerima amekwenda kwaya. Dumu la mafuta liko nyuma ya mlango, jipya. Skrubu zote nimeshafungua, na kompyuta ya Faruku inaingia kwenye beseni la Nerima la kufulia bila hata kuilaza.